Kanuni za Walinda Amani Zifike Hadi Birere

Oktoba 2004, Mfaransa mmoja aliyekuwa mtumishi wa kiraia wa MONUC, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, alikamatwa hapa Goma. Alikuwa akiwabaka wasichana wadogo. Alirudishwa kwao, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ikamhukumu kifungo cha miaka 9. Mwaka huohuo wa 2004, kule Bunia, wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walikuwa wakifuatilia madai 72 dhidi ya watu wa MONUC. Walikuta mabinti waliokimbia vita wakitumiwa kingono kwa dola 1 hadi 3, wengine kwa chakula tu.

Makatazo yalikuwepo. Waraka wa Katibu Mkuu wa Oktoba 2003 ulishasema: ni marufuku kulala na mtu aliye chini ya miaka 18, na kudai kwamba hukujua umri wake si utetezi. Ni marufuku kutoa fedha, kazi, chakula au msaada wowote ili upewe mwili wa mtu. Anayemshuku mwenzake anawajibika kutoa taarifa. Baada ya ripoti ya Mwanamfalme Zeid wa Jordan kuhusu unyonyaji huu, Machi 2005, vikaundwa vitengo vya maadili na nidhamu ndani ya misheni, na mafunzo yakawa ya lazima.

Leo askari hufundishwa kabla hajaondoka kwao, Mtanzania kwenye kituo cha mafunzo cha Kunduchi, Mkenya kwenye kile cha Karen, kisha hufundishwa tena akifika. Darasa zuri halimsomei vifungu tu. Humpa kisa akitatue: binti anayeuza sambaza kwenye uzio wa kambi anakuomba umsaidie ada ya shule, siku ya tatu anakuja jioni bila samaki. Unafanya nini? Sajini wako akikwambia unyamaze, unampelekea nani habari? Mkufunzi anayejua kazi yake hukaa hapo kwenye swali la sajini, maana ndipo wengi huanguka. Kumkatalia binti ni jambo moja, kumshitaki mwenzako mnayelala naye handaki moja ni jambo jingine kabisa.

Hata hivyo, mwaka 2016 madai yaliibuka Mavivi, karibu na Beni, yakiwahusu askari wa Tanzania wa ile brigedi ya kuingilia kati ya Umoja wa Mataifa iliyoidhinishwa mwaka 2013. Oktoba 2023, hukohuko Beni, wanajeshi wanane wa Afrika Kusini walisimamishwa kazi kwa madai kama hayo. Hawa si watu wa 2004. Darasani walikaa.

Kwa maoni yangu, tumelifundisha somo hili upande mmoja wa uzio. Askari anajua kanuni. Mama wa Birere au Ndosho, mitaa ya hapa Goma, hazijui. Hajui kwamba ile sabuni na ile ahadi ya kibarua anayopewa ili atoe mwili wake ni kosa la aliyezitoa, si aibu ya aliyepokea. MONUSCO, ujumbe uliorithi MONUC, imeunda mitandao ya malalamiko katika jamii, wenyeji wakipokea taarifa kwa siri, na hiyo ni kazi ya heshima. Lakini anayeishi kwa kuuza langoni anajua akisema leo, kesho hafiki langoni. Na kikosi hakikai: zamu ikiisha askari hupanda ndege, mashahidi wakaondoka naye. Tangu waasi wa M23 walipouteka mji Januari 2025, mwanamke wa Goma ana wenye bunduki wengi zaidi wa kuwaogopa, na mlango wa kulalamikia unahitajika kuliko zamani.

Kisha kuna suala la hukumu. Umoja wa Mataifa hauna mahakama ya kumfunga mwanajeshi. Unaweza kumrudisha kwao, na tangu azimio 2272 la Baraza la Usalama la Machi 2016 unaweza kurudisha kikosi kizima, lakini mamlaka ya kumshitaki ni ya nchi yake peke yake. Afrika Kusini imewahi kuleta mahakama ya kijeshi hapahapa Kongo, na ningependa kila nchi ilazimishwe kufanya hivyo. Mlalamikaji akimwona aliyemdhulumu amesimama mbele ya hakimu, mtaa mzima utajua ndani ya siku moja. Kesi ikisikilizwa nje ya nchi, mara nyingi hapati hata barua.

Ipo pia habari ya watoto. Baba anarudi kwao, mama anabaki na mimba, na madai ya malezi yanapaswa kupita serikali ya nchi ya baba, vipimo vya vinasaba vikihitajika. Mama asiye na nauli ya kufika katikati ya mji ataendeshaje kesi ya Pretoria au Dar es Salaam? Nchi inayotuma askari ingechukua sampuli yake kabla hajapanda ndege kuja Kongo na kukubali kwa maandishi kwamba matunzo yatakatwa kwenye mshahara wake. Kunduchi na Karen wangeweza kumweleza hivyo siku ya kwanza ya mafunzo, kabla ya somo lingine lolote.