Daktari Akija Nyumbani, Mwonyeshe Banda Kwanza

Siku hizi Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Mombasa, si ajabu tena kumpigia simu daktari wa mifugo akaja na begi lake hadi mlangoni. Sababu inaeleweka. Mbwa mkubwa hapandi daladala, na paka aliyetiwa kikapuni akapitishwa kwenye foleni hufika kliniki akiwa amevurugika: moyo unamwenda mbio, joto la mwili limepanda, hata sukari ya damu imepanda, na daktari anashindwa kutenganisha ugonjwa na hofu. Wengi huona faida ya huduma hii ni kuepushwa na usumbufu huo tu. Mimi ninayeifanya kazi hii naamini iko faida kubwa zaidi: daktari hupata kuona mahali mnyama anapolala, anapokula na anapochezea. Magonjwa mengi ya mbwa na paka wetu yanaishi nyumbani pamoja nao, na hapo ndipo yanapozuilika.

Kupe wa ukutani

Chukua homa ya kupe. Mbwa hulegea, hukataa chakula, fizi hupauka. Wengine hutokwa damu puani, wengine mkojo hubadilika ukawa mwekundu au wa kahawia. Huchomwa sindano, humezeshwa vidonge, akapona. Baada ya muda yuko vilevile, na lawama zote huangukia dawa.

Familia moja ya Tabata iliniita kwa mbwa wa namna hiyo. Nilipomaliza kumpima niliomba nionyeshwe banda. Lilikuwa la matofali ya saruji yasiyopigwa lipu. Nilipopitisha ncha ya kisu kwenye upenyo kati ya tofali la juu na bati, kupe walianza kudondoka: wakubwa wa kijivu waliovimba kwa damu, wadogo wa kahawia wasiozidi kichwa cha pini, na nyuma yao mafungu ya mayai yaliyogandana.

Kupe wa kahawia wa mbwa ndivyo alivyo. Akishashiba hujiangusha kutoka kwa mbwa, kisha hutafuta ufa na hupenda kupanda juu, kwenye kona za kuta na chini ya dari. Jike mmoja hutaga maelfu ya mayai, na kupe wazima wanaweza kukaa miezi mingi bila kula wakimsubiri mbwa apite. Kwa hiyo wale unaowabandua shingoni ni sehemu ndogo tu ya waliopo.

Tiba ya mbwa wa Tabata ilikuwa na upande wa nyumba. Nyufa zilizibwa, magunia ya kulalia yakachomwa moto, kuta zikanyunyiziwa dawa mbwa akiwa ametolewa, na kazi ikarudiwa baada ya wiki chache ili kuwawahi walioanguliwa. Mbwa mwenyewe alipewa kinga ya kupe kwa kipimo cha uzito wake. Usimwogeshe mbwa kwa dawa ya josho la ng'ombe uliyoikadiria kwa macho. Ikizidi hunywewa na ngozi, na mbwa akaanza kutoa mate, kutetemeka na hata kufa. Na dawa ya kupe ya mbwa yenye permethrini usimpake paka hata tone, kwa kuwa mwili wake hauwezi kuivunja.

Kwa nini chanjo hurudiwa

Ugonjwa unaofyeka vitoto vya mbwa kuliko mwingine ni parvo. Kitoto kilichokuwa kikicheza jana leo kinatapika na kuhara damu yenye harufu kali, na kisipowahiwa kwa dripu hufa ndani ya siku chache. Kirusi chake hudumu mazingirani kwa miezi, ardhini na sakafuni. Ndiyo maana anayefiwa na kitoto kimoja akaleta kingine kwenye banda lilelile hukipoteza na hicho. Osha banda kwa sabuni kwanza, ndipo upige dawa ya klorini, maana klorini hupoteza nguvu ikikutana na uchafu. Kitoto kipya kisiletwe hapo kabla hakijamaliza chanjo.

Wenye mbwa huniuliza kwa nini chanjo ya kitoto inarudiwa mara tatu au nne, wengine wakidhani ni njia ya kuongeza malipo. Kitoto hupata kinga kutoka kwenye maziwa ya kwanza ya mama yake. Kinga hiyo hukilinda, lakini pia huizima chanjo, kwa kuwa huishambulia kama inavyoshambulia kirusi chenyewe. Kwa kitoto kimoja huisha mapema, kwa ndugu yake huchelewa, na kwa kutazama huwezi kujua. Tunaanza wiki ya 6 hadi ya 8, tunarudia kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka kitoto kitimize wiki 16, ili mojawapo ya sindano ikute njia iko wazi. Anayeishia sindano ya kwanza anaweza kuwa na kadi yenye mhuri na mbwa asiye na kinga.

Daktari akifika, omba kuona chombo cha chanjo. Chanjo hizi hutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzijoto 2 hadi 8, hivyo lazima zitoke kwenye kisanduku chenye barafu, kipimajoto kikiwemo, chupa zisigandishwe. Ya parvo na distempa, ugonjwa mwingine wa mbwa, huwa chupa mbili, moja ya unga mkavu na nyingine ya maji, na huchanganywa mbele yako dakika ileile ya kuchoma. Iliyochanganywa asubuhi ikazungushwa mitaani siku nzima haifai. Utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba chanjo moja ya kichaa cha mbwa hubaki na nguvu hata ikikaa miezi 6 kwenye nyuzijoto 25. Ugunduzi huo ni msaada mkubwa kwa vijiji visivyo na friji, lakini haukuhusu chanjo za parvo na distempa.

Chanjo inayolinda watu

Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote Afrika na Asia, na kama 4 kati ya kila 10 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza hakuna tiba. Hata hivyo, mbwa 70 kati ya kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kusambaa. Pemba ni ushahidi: uchanjaji wa mbwa uliukata ugonjwa kisiwani, uliporudi mwaka 2016 ukakatwa tena kwa njia hiyohiyo. Mbwa na paka huchanjwa wakiwa na miezi 3, na huku kwetu hurudiwa kila mwaka. Ziara ya nyumbani ina thamani ya pekee hapa, kwa sababu mbwa mkali asiyefungika kamba, ambaye ndiye wa kuhofiwa zaidi, hafiki kamwe kwenye kituo cha chanjo.

Mtu akiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Mbwa aliyeuma, akiweza kufungiwa salama, atazamwe kwa siku 10. Kumuua na kumtupa ni kutupa ushahidi ambao daktari wa binadamu anauhitaji.

Faida ya chanjo huvuka ua wa nyumba. Mwaka 1994 distempa hiyo ya mbwa iliingia Serengeti na kuua takriban theluthi moja ya simba wa huko.

Sufuria na kabati la dawa

Mbwa anaweza kuishi kwa ugali akipata na dagaa, nyama au mayai ya kutosha. Paka hawezi kuishi kwa ugali na maziwa. Anahitaji taurini, ambayo huipata kwenye nyama na samaki. Akiikosa kwa muda mrefu, macho na moyo huharibika. Usiwape mabaki ya mchuzi wenye vitunguu, maana vitunguu huvunja chembe nyekundu za damu, wala mifupa iliyopikwa, ambayo hupasuka vipande vyenye ncha.

La kuogopwa zaidi ni huruma yenye kidonge. Paka ana homa, mtu anavunja panadol na kumlisha. Ini la paka halina uwezo wa kuisafisha parasetamoli, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Fizi hugeuka kahawia, uso huvimba, pumzi hukatika. Diklofenaki na ibuprofeni nazo hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo. Dawa ya binadamu isiingie kinywani mwa mnyama bila daktari kusema.

Ukaguzi wa kila wiki

Chagua siku moja ya wiki. Inua mdomo wa juu wa mbwa na ubonyeze fizi: iwe ya waridi, na weupe ulioachwa na kidole urudi rangi kabla ya sekunde 2. Pitisha mkono mbavuni: uzihisi bila kubonyeza, lakini zisichomoze. Tazama ndani ya masikio na katikati ya vidole, kupe hujificha huko. Mnyama akilala, hesabu pumzi zake. Zikizidi 30 kwa dakika siku baada ya siku, mwite daktari. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39 na nukta kidogo, kwa hiyo akionekana wa moto kwa kiganja si lazima awe na homa. Andika unachokiona, daktari atakihitaji.

Yapo pia ambayo hayasubiri wala hayatibiki sebuleni. Kitoto kinachohara damu, mbwa jike asiyefungwa kizazi anayetokwa usaha wiki chache baada ya kipindi cha joto la uzazi, mbwa aliyevimba tumbo ghafla huku akijaribu kutapika bila kutoa kitu, na paka dume anayechuchumaa mara kwa mara bila kutoa mkojo: hawa wapelekwe kliniki saa hiyohiyo. Daktari mwema wa majumbani ndiye atakayekuambia hivyo mwenyewe.

Na hakikisha ni daktari kweli. Tanzania wataalamu wa afya ya wanyama husajiliwa na Baraza la Veterinari chini ya sheria ya mwaka 2003. Kenya wana bodi yao. Kuuliza namba ya usajili si ukosefu wa adabu.

Leo hii toa kadi ya chanjo ya mbwa au paka wako, usome tarehe ya mwisho. Kama imepita mwaka, au kama kadi haipo, piga simu kabla wiki haijaisha. Daktari akifika, kabla hajafungua begi, mpeleke bandani.