Motakaa Inayokataa Kuwaka Wakati wa Jua Kali

Fikirini motakaa ya zamani iliyotoka Biharamulo asubuhi kwenda Ngara. Ndani yake mna mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Murgwanza. Adhuhuri, baada ya kupanda vilima vingi, dereva asimama kando ya njia ili mgonjwa apumzike. Baada ya robo saa ataka kuiwasha tena, nayo haiwaki. Asubuhi, penye baridi, iliwaka mara moja, na njiani ilikwenda vizuri. Je, imepatwa na nini?

Asiyejua huanza kuisukuma, au hufungua kila kitu anachokiona. Lakini fundi mwenye akili hufanya kama daktari: huuliza kwanza, ndipo atibu.

Injini ya petroli haiwaki ila ikipata vitu vitatu: hewa, petroli, na cheche ya umeme. Basi fundi husikiliza. Injini isipozunguka kabisa, huenda kosa liko katika betri, au nyaya zake, au stata. Ikizunguka bila kushika moto, huchungua cheche, kisha petroli. Katika motakaa yetu cheche ipo, na tangi lina petroli, lakini haifiki katika kabureta. Imezuiwa na nini?

Imezuiwa na mvuke. Petroli huchemka upesi kuliko maji. Sehemu zake nyepesi huanza kuchemka katika joto la digrii 40 hivi. Tena, kadiri mtu apandavyo juu ndivyo vitu vichemkavyo upesi. Dar es Salaam maji huchemka katika digrii 100, lakini juu ya vilima vya Ngara, mita 1,800 hivi juu ya bahari, huchemka katika digrii 94 hivi. Ndiyo sababu maharage hukawia kuiva huko.

Motakaa iendapo, upepo huipoza, na petroli mpya hupita daima katika bomba. Ikisimama, upepo hukoma, na joto la chuma huenea mpaka kwenye bomba na pampu. Petroli iliyomo hugeuka mvuke, na pampu iliyofanywa kuvuta maji-maji haiwezi kuvuta mvuke.

Dawa yake ni rahisi. Fungua boneti hewa ipite. Weka kitambaa chenye maji juu ya pampu na bomba la petroli, ungoje nusu saa. Mvuke utarudi kuwa petroli, na injini itawaka.

Lakini jihadhari na mambo matatu. Usifungue kifuniko cha rejeta ingali na moto, maana maji yatakurukia na kukuunguza vibaya. Usimwage maji baridi juu ya injini yenye moto, maana chuma chaweza kupasuka. Wala usiwashe kiberiti karibu, maana mvuke wa petroli hulipuka.

Magari mengi ya siku hizi yana pampu ya umeme ndani ya tangi, isukumayo petroli kwa nguvu. Kwa hiyo hayapatwi sana na ugonjwa huu. Hata hivyo njia ya fundi haijabadilika: kuuliza jambo moja baada ya jingine. Nusu saa ya kungoja itamfikisha mgonjwa Murgwanza kabla ya jua kuchwa; haraka ya kufungua-fungua yaweza kumlaza njiani.