Acha vumbi lisubiri, shika sindano

Kama unaishi Mpanda huhitaji kuambiwa habari ya vumbi. Mvua zikishakatika, mpaka zirudi mwezi wa kumi na moja, vumbi jekundu linaingia kila mahali: dirishani, kwenye kabati la vyombo, hata ndani ya friji, sijui linapitia wapi. Unafuta televisheni asubuhi, ukirudi kazini jioni unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole.

Mimi nilipigana na vumbi hilo miaka minne. Nilihamia hapa kikazi, kama vijana wengi waliokuja baada ya Mkoa wa Katavi kuanzishwa mwaka 2012. Nilikuja na mume mpya, seti ya makochi, na maneno ya kichen pati bado ya moto masikioni. Si unajua tena ukumbi ule: shangazi kashika kipaza sauti, kinamama wanapiga vigelegele, wewe umekaa mkekani unaambiwa nyumba ni mwanamke, na mgeni akikuta kikombe kichafu, mchafu ni wewe. Hakuna aliyeuliza huyo mwanamke atakuwa anatoka ofisini saa ngapi.

Basi nikawa naamka saa kumi na moja alfajiri napiga deki. Jioni napiga tena. Kila Jumamosi vitambaa vya makochi, vile vyeupe vya kufuma, nivifue, nivipige pasi, nivipange pembe zote zikiangalia upande mmoja. Mtoto wetu alipoanza kutembea alijua mapema kwamba kochi si mahali pa kukaa. Mume wangu naye akifika alikuwa anasimama mlangoni kwanza, anaangalia soksi zake, ndiyo aingie.

Halafu akaanza kuchelewa. Siku moja nikamsubiri, nikamwaga yote: mimi nahangaika na nyumba, wewe uko baa. Hakupandisha sauti hata kidogo.

“Mke wangu, kule nakaa kwenye kiti cha plastiki, lakini nakaa. Hapa naogopa hata kuegemea.”

Shosti, nililia. Nilikuwa najichosha kwa ajili yake, kumbe ndiyo nilikuwa namfukuza. Lakini kinababa msishangilie haraka. Na yeye hakuwa malaika. Mtu ambaye hajawahi kushika fagio ni rahisi sana kumwambia mwenzake apumzike, na hilo nilimwambia usiku ule ule. Hatukulala mapema.

MABAKI YA FUNDI

Wiki chache baadaye nilipeleka kitenge kwa fundi cherehani. Nikaona rundo la vipande limemfunika miguu. Nikamuuliza ya nini. “Haya? Ya kujazia mito.” Akanipa nusu kiroba kwa bei ya soda mbili.

Kilichonivuta ni jirani yetu, bibi mmoja aliyefika Katumba akiwa mtoto. Katumba, kwa wasioijua, ni yale makazi ya hapa kwetu yaliyopokea wakimbizi waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Bibi huyu aliwahi kuniambia kwamba mama yake alikuwa anaunga vipande vya nguo kuukuu, anavishona pamoja, ndiyo yanakuwa mablanketi ya watoto. Watu wa Pwani wana neno la zamani la kifuniko kilichoshonwa hivyo kwa tabaka, mfarishi. Sisi hapa tunasema tu blanketi la viraka, na bahati mbaya neno kiraka linanuka umaskini. Nadhani ndiyo maana wengi wetu hatujawahi kulifikiria kama kitu cha kushona kwa kupenda.

Wenzetu mbali wamelifikiria. Kule Karnataka, India, kuna Wasiddi, watu ambao mababu zao walitoka Afrika karne kadhaa zilizopita, wengine wakiwa watumwa wa Wareno wa Goa. Wanawake wao hushona kwa mkono mablanketi ya viraka yanayoitwa kawandi. Wanaanzia kwenye pembe, wanazunguka ukingoni, wanaingia ndani kidogo kidogo mpaka wanakutana katikati, na kiraka kinaongezwa kulingana na kilichopo mkononi. Mwishoni kila kona inawekwa vipande vidogo vilivyokunjwa, wanaviita maua. Blanketi lisilo na maua hayo kwao ni kama mtu aliye uchi! Na Marekani, kijiji cha Gee's Bend jimboni Alabama, viraka vya wanawake weusi, vingine vimetokana na nguo za kazi zilizochakaa, vilitundikwa katika jumba la sanaa la Houston mwaka 2002 kisha New York. Mistari yake mingi imepinda. Watu walipanga foleni kuitazama.

UNAFANYAJE?

Mimi nilianza na la mtoto. Kata boksi liwe mraba wa sentimita 17, hiyo ndiyo fomu yako. Fua vitenge kwanza, maana vipya vingine vinachuja rangi na vingine vinarudi. Kata vipande 48. Viunge sita sita kwa mstari, ukiacha sentimita moja ya mshono kila upande, halafu uunge mistari minane. Utapata sentimita 90 kwa 120. Chini weka shuka kuukuu, katikati blanketi jepesi la mtumba, juu viraka vyako. Bana na pini, kisha pitisha bandi kwa mkono kwenye tabaka zote tatu ili zisitembee, umalizie kwa kukunja pindo. Cherehani si lazima. Sindano inatosha, ila utachelewa, na kuchelewa ndiyo raha yenyewe.

Sasa cheki vituko. Kona hazikukutana. Nikafumua. Nikashona, bado. Nikafumua tena. Siku ya tatu, saa sita usiku, niko peke yangu sebuleni nafumua mstari ule ule, ndipo nikashtuka: nimechukua deki yangu nimeihamishia kwenye kitambaa! Kesho yake nikampelekea bibi aone. Akavuta uzi mmoja akasema, “Mwanangu, ukifumua kila siku kitachanika kabla mtoto hajajifunika.”

Nikaacha. Kuna kipande chenye jogoo, kipo kichwa chini mpaka leo.

Kukata vipande alikuja kukubali mwenzangu, mtu ambaye kazini anashinda na rula. Tulianza Jumanne na Alhamisi baada ya mtoto kulala, simu ziko chumbani. Yeye anakata, mimi naunga. Unajua ni vigumu kugombana na mtu huku umeshika sindano? Unakuta mnaongea mambo ambayo mezani hayakuwahi kutoka: madeni, mama yake, hofu yangu ya kuonekana mvivu. Si kila siku anarudi mapema, nisiwadanganye. Ila Jumanne anajua kuna kazi inamsubiri. Na vyombo vya usiku sasa ni vyake, maana deki ya jioni nilipoifuta sikukubali muda ule uliwe na sinki.

Deki ya asubuhi imebaki mara tatu kwa wiki. Wiki ya kwanza niliwashwa mikono, nilikuwa napita pembeni ya vumbi kama napita mbele ya mtu ninayemdai. Vitambaa vya makochi vimo sandukuni, isipokuwa kimoja, nimekishonea katikati ya blanketi.

Na mtihani ukaja. Mama mkwe alishuka kwenye treni ya kutoka Tabora bila taarifa. Alikuta vipande vimetapakaa sebule nzima, mtoto kalala kwenye kochi na viatu vyake. Alipita kwenye televisheni, akapitisha kidole, akakitazama. Moyo wangu ulihamia tumboni.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba.” Akaketi, akavuta blanketi lililokuwa mapajani mwa mtoto, akaligeuza geuza. “Hii nyekundu si sare yetu ya harusi?”

Nikamwambia ndiyo. Akauliza nimelaza wapi yale mabaki mengine, maana gauni lake la sendofu lilishaanza kumbana na hakujua alifanye nini.

Alikaa siku tisa. Siku ya nne nilirudi kazini nikakuta televisheni imefutwa inang'aa. Mimi nikajifanya sijaona, nikatafuta sindano yangu.