Komba na Hesabu ya Wanawe

Komba, mnyama wa usiku ambaye watu wa pwani wamemjua tangu zama kwa kilio chake kama cha mtoto mchanga na kwa uchu wake wa tembo la mnazi, ana jambo moja ambalo yamkini wagema hawakupata kulidhania: katika nduguye wa mkia mnene, akaaye misitu ya kusini mwa Afrika, madume huzaliwa wengi kuliko majike.

Jambo hili lakiuka kaida. Mwaka 1930 mwanazuoni Mwingereza Ronald Fisher alibainisha kwa nini viumbe aghalabu huzaa wa kike na wa kiume takriban sawa kwa sawa: jinsia moja ikiwa haba, kila aliye wa jinsia hiyo hupata wenzi kwa wepesi na kuacha wajukuu wengi, nao wazazi waliojaaliwa kuizaa hufaidika, hata mizani ikarejea palepale. Lakini hesabu hiyo husimama madhali watoto, wakiisha kukua, hawamlemei mzazi wao, wa jinsia moja kuliko wa nyingine.

Kwa komba sivyo. Mtaalamu Anne Clark, katika makala yake ya mwaka 1978, alieleza kwamba dume apevukapo huhama akatafuta riziki mbali, ilhali jike husalia jirani na mama, akiramba gundi ya migunga ileile na kuchuma matunda ya miti ileile. Basi kila binti anayezidi humpunguzia fungu mama yake na dada zake, na mama azaaye madume zaidi huipeleka njaa hiyo kwingine. Wala msomaji asidhani kwamba komba huketi akapima. Wale ambao maumbile yao yaliwaelekeza kuzaa hivyo ndio waliobakiza kizazi, na mwelekeo ukarithiwa. Kwangu mimi, hii ni katika fikra tukufu kabisa za elimu ya viumbe, kwamba safari ya mtoto ambayo bado hajaianza huamua jinsia atakayozaliwa nayo.

Hata hivyo, si kila abakiye nyumbani ni mzigo. Katika kisiwa cha Cousin, huko Shelisheli, yuko ndege mdogo mla wadudu ambaye binti zake husalia kwa wazazi wakawasaidia kulea wadogo zao, na msaada huo una baraka penye chakula tele, bali penye uhaba mabinti hao humaliza wadudu tu. Jan Komdeur na wenzake, katika uchunguzi waliouchapisha mwaka 1997, walikuta kwamba wazazi wasio na wasaidizi, wakiwa katika makao yenye neema, huzaa majike asilimia 87, na katika makao dhaifu huzaa madume asilimia 77.