Je, Plastiki Huoza? Neno Moja na Takataka za Ufuo wa Mpala

Msemaji wa Kiswahili anenapo kwamba kitu kimeoza, huwa amekiri, bila kutamka, kuwa pana aliyekila. (Kuoza binti hakumo katika makala haya.) Muhogo huoza, samaki huoza, hata nyavu za nyuzi za mimea, zilizotangulia zile za nailoni, zilioza. Bakteria na kuvu hutoa vimeng'enya vinavyokata minyororo mirefu ya chembe, kisha hujilisha vipande vyake.

Wavu wa nailoni ulipendwa kwa sababu hauozi. Sifa hiyo ndiyo kero yake leo ufuoni Mpala, kusini mwa Kalemie.

Je, hakuna kijidudu kiwezacho plastiki? Kipo. Mwaka 2016 wataalamu wa Japani walitangaza bakteria waliyempata Sakai, Ideonella sakaiensis, alaye plastiki ya chupa za maji. Utando mwembamba aliumaliza kwa muda wa wiki 6 hivi, katika joto la nyuzi 30. Lakini chupa yenyewe ni ngumu kuliko utando ule, na bakteria huyo huhitaji oksijeni. Plastiki hiyo ni nzito kuliko maji: chupa ikipasuka huzama, na Ziwa Tanganyika, lenye kina kipatacho mita 1,470, halina oksijeni kuanzia mita 200 hivi kwenda chini. Nairobi nako, mwaka 2024, watafiti wa icipe walieleza juu ya mabuu yanayokula polistirini, plastiki nyeupe nyepesi ya kufungashia vyombo, yakisaidiwa na bakteria wa matumboni mwao. Ni habari njema, ila si ya mifuko yetu.

Mfuko ni polietilini. Mnyororo wake ni kaboni iliyoshikana na kaboni, hauna kiungo rahisi ambacho kimeng'enya kingeanzia kukata. Jua huukausha, ukakatikakatika hata usionekane, nasi tukadhani umeoza. La, umesagika. Vipande vingalipo: mwaka 2016 watafiti walieleza kwamba wamekuta plastiki matumboni mwa sangara na sato walionunuliwa Mwanza, kando ya Ziwa Viktoria.

Kwa hiyo, tuandikapo vitabu vya shule au kufasiri maandishi ya Kifaransa yaliyo juu ya mifuko, kuoza na kusagika visichukuliwe kuwa visawe. Mwanafunzi wa Mpala aliyesoma kwamba mfuko "utaoza baada ya miaka mingi" ana haki ya kuutupa ziwani.