Wangari Maathai: Mwaka wa kwanza ugenini na mama aliyebaki Ihithe

Septemba 1960, ndege iliyojaa vijana wa Kenya iliondoka Nairobi kuelekea Marekani. Miongoni mwao alikuwa binti wa miaka 20 kutoka kijiji cha Ihithe, Nyeri. Hakuwa amewahi kupanda ndege. Safari ilikuwa ya kuruka na kutua: Benghazi nchini Libya, Luxembourg, Reykjavik nchini Iceland, Newfoundland nchini Kanada, ndipo New York.

Binti huyo ni Wangari Muta, ambaye dunia ilikuja kumfahamu kama Profesa Wangari Maathai, mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata Tuzo ya Amani ya Nobel. Lakini siku hiyo hakuna aliyejua hayo. Nyuma alimwacha mama mkulima ambaye mwenyewe hakupata kusoma, na asingemwona mwanawe tena kwa zaidi ya miaka mitano.

Kwa mzazi ambaye mwanawe ameleta fomu ya kwenda kusoma nje mwaka mmoja, na usiku hapati usingizi akiwaza atie saini au asitie, hadithi ya mwaka huo wa kwanza ina mengi ya kufikiria.

Swali la kaka, jibu la mama

Safari ya Wangari haikuanzia uwanja wa ndege. Ilianzia nyumbani, alipokuwa na miaka minane hivi. Kaka yake mkubwa, Nderitu, alikuwa akisoma. Siku moja akamuuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao.

Wakati ule wasichana wengi wa vijijini walibaki nyumbani kuteka maji, kuokota kuni na kulea wadogo zao. Baba yao alikuwa akifanya kazi katika shamba la mzungu huko Nakuru, na mama ndiye aliyekuwa na watoto Ihithe. Angeweza kusema kwamba kazi za nyumbani ni nyingi, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alijibu kwamba haoni sababu ya Wangari kutosoma.

Wangari mwenyewe, akiwa mtu mzima, alirudia kisa hicho mara nyingi. Aliona kwamba maisha yake yote yaligeuka pale, kwa swali la mtoto na jibu la mama.

Kutoka shule ya msingi ya kijijini alikwenda bweni la watawa pale Mathari, Nyeri, kisha Loreto, Limuru. Alipomaliza mwishoni mwa mwaka 1959, msichana aliyesoma alitarajiwa kuwa mwalimu au muuguzi. Yeye alitaka chuo kikuu.

Mwaka mmoja wa Mboya ulivyofungua mlango

Nafasi za chuo kikuu Afrika Mashariki zilikuwa chache mno, na wengi walitazama Makerere. Aliyetafuta njia nyingine alikuwa Tom Mboya, kiongozi kijana wa vyama vya wafanyakazi. Naye alikuwa na mwaka wake wa ugenini. Kati ya 1955 na 1956 alisoma Ruskin College, Oxford, Uingereza, kisha akazuru Marekani. Alirudi na marafiki huko, na wazo la kuwapeleka vijana wa Kenya katika vyuo vya Marekani kabla ya uhuru kufika.

Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka na wanafunzi 81. Wamarekani walichanga, wakiwemo mwanariadha Jackie Robinson na wasanii Harry Belafonte na Sidney Poitier waliotia saini barua ya kuomba michango. Mwaka uliofuata, wakfu wa familia ya John F. Kennedy ulitoa dola 100,000 kwa ajili ya safari hizo.

Huku Kenya nako wazazi hawakukaa mikono mitupu. Vijiji vilichanga, mifugo ikauzwa, sherehe za chai zikafanywa ili mtoto mmoja apate nguo za baridi na fedha za mfukoni. Wangari alipata nafasi kupitia Kanisa Katoliki, lililokuwa likitafuta wanafunzi wake waliofanya vizuri.

Soda ya Indiana

Kutoka New York, ambako lifti na ngazi za umeme zilikuwa maajabu ya kwanza, Wangari na mwenzake Mkenya walipanda basi kuelekea jimbo la Kansas. Walipofika Indiana waliingia mkahawani wakitaka kitu cha kunywa. Waliambiwa wanaweza kununua soda, lakini hawawezi kuketi mle ndani. Wakanywe nje.

Sababu ilikuwa rangi yao. Wasichana hao walitoka katika nchi ambayo ubaguzi waliujua, kwani hali ya hatari ilikuwa imeondolewa Januari ya mwaka huohuo. Hawakutegemea kuukuta katika nchi iliyowaalika kwa mikono miwili.

Hapo kuna jambo ambalo wazazi wengi husahau kumwambia mtoto anayefunga sanduku. Humweleza habari za baridi, chakula na masomo. Hawamwelezi kwamba kuna siku mtu asiyemjua atamdharau, na kwamba siku hiyo asidhani kosa ni lake.

Majani yalianguka, theluji ikaja

Chuo chake kilikuwa Mount St. Scholastica, Atchison, mji mdogo kando ya mto Missouri. Kilikuwa chuo cha wasichana, kikiendeshwa na masista Wabenedikto. Huko mapokezi yalikuwa tofauti na ya mkahawani. Masista walimlea, wanafunzi wenzake wakamkaribisha kwao nyakati za sikukuu.

Kila kitu kilikuwa kigeni. Aliona majani ya miti yakibadilika rangi na kuanguka yote, jambo ambalo mtoto wa Nyeri, anakoishi na kijani mwaka mzima, hakulijua. Kisha theluji.

Kilichomshangaza zaidi pengine ni masista wenyewe. Kule Limuru, wasichana walilelewa mbali kabisa na wavulana. Atchison, masista walewale wa kanisa lilelile waliruhusu wavulana wa chuo jirani waje kucheza dansi na wasichana. Msichana aliyefundishwa kwamba dansi ya namna hiyo ni dhambi akabaki akijiuliza: kipi ni dini, na kipi ni desturi ya mahali?

Maswali ya aina hiyo ndiyo yanayowatia wazazi hofu. Mtoto anaondoka akikubali kila anachoambiwa, anarudi akiuliza kwa nini. Lakini kwa Wangari, kuuliza hakukumfanya atupe alichofundishwa nyumbani. Kulimfanya akichunguze, na mengi aliyashika kwa nguvu zaidi.

Alichagua biolojia kuwa somo lake kuu, akiongeza kemia na Kijerumani. Likizo za kiangazi hazikuwa za kulala. Katika mojawapo alifanya kazi kwenye maabara ya hospitali huko Kansas City. Mawasiliano na nyumbani yalikuwa kwa barua. Hata uhuru wa Kenya, Desemba 1963, ulimkuta hukohuko.

Alirudi na jina lake

Ugenini alifahamika kama Mary Jo, kifupi cha jina lake la Kikatoliki, Mary Josephine. Aliporejea Kenya mapema mwaka 1966, akiwa na shahada ya kwanza kutoka Atchison na ya uzamili kutoka Chuo Kikuu cha Pittsburgh, alitaka aitwe Wangari Muta, jina alilozaliwa nalo. Wengi hudhani mtoto akienda ng'ambo hupoteza jina lake. Huyu alikwenda ng'ambo, akarudi akilidai.

Kurudi hakukuwa rahisi. Alikuwa na barua ya ajira mkononi, lakini alipofika kuripoti kazini aliambiwa nafasi imepewa mtu mwingine. Ilimbidi aanze kutafuta upya, hadi ujuzi wake wa maabara ulipompatia kazi Nairobi. Mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu.

Jambo jingine lilimsubiri kijijini. Utotoni, karibu na nyumbani kwao palikuwa na mkuyu mkubwa, mti ambao Wakikuyu huuita mugumo. Mama yake alimkataza kuokota kuni chini yake, akisema ni mti wa Mungu. Jirani na mti huo palikuwa na kijito, ambamo Wangari alicheza na mayai ya vyura akidhani ni shanga.

Aliporudi, mkuyu ulikuwa umekatwa na kijito kimekauka. Watu wa kijijini waliyaona mambo hayo kidogo kidogo, wakayazoea. Yeye aliyaona kwa mara moja, na kwa sababu alikuwa amesoma biolojia, alielewa: mizizi ya mti ule ndiyo iliyosaidia maji kufika juu, na katazo la mama yake lilikuwa limeulinda mti na maji pamoja.

Mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement, harakati za wanawake kupanda miti, ambazo zimepanda mamilioni ya miti nchini Kenya. Mama yake alifariki mwaka 2000. Tuzo ya Nobel ilikuja mwaka 2004, na katika hotuba yake ya kuipokea Wangari alikizungumzia kile kijito cha utotoni.

Kwa mzazi wa leo

Milango bado ipo. Mwaka 2002 Marekani ilianzisha mpango wa YES, unaobeba jina la Seneta Edward Kennedy, mdogo wake John F. Kennedy, pamoja na Seneta Richard Lugar. Mwanafunzi wa sekondari anayechaguliwa huishi na familia mwenyeji na kusoma shule ya kawaida kwa mwaka mmoja wa masomo, kisha hurejea kwao. Kenya na Tanzania zimepeleka vijana wao. Ufadhili wake ni kamili, kwa hiyo anayedai "pesa ya kupitisha jina" ni tapeli.

Kabla ya kutia saini, mzazi na mtoto wakae chini wazungumze mambo haya:

• Nani atampokea, na akipata shida usiku wa manane atampigia nani huko aliko.

• Afanye nini akidharauliwa kwa rangi, dini au lafudhi yake. Anyamaze, aseme, au aripoti kwa nani?

• Watawasiliana mara ngapi. Simu ya kila saa humzuia mtoto kuzoea. Kimya cha mwezi humtia upweke.

• Akirudi amebadilika, nyumbani watampokeaje? Wiki za kwanza anaweza kuonekana mjuaji, au mkimya. Apewe muda, na apewe kazi ya kufanya.

Na kabla hajaondoka, aambiwe habari za kwao: miti ya kwao, makatazo ya bibi yake, maana ya jina lake. Siku anafunga sanduku anaweza asiyatilie maanani. Wangari naye, alipokatazwa kuokota kuni chini ya mkuyu, hakujua sababu. Aliijua miaka mingi baadaye, akiwa amekwenda Kansas na kurudi.