Kiunzi na Ukoo wa Cycladophora davisiana

Radiolaria ni viumbe wa baharini wenye seli moja tu, wanaochukuliwa na maji popote yaendako, na wengi wao hujijengea kiunzi cha silika, dutu ile ile inayotengenezewa kioo, ambayo huinyonya kutoka katika maji ya bahari ilimoyeyuka kwa kiasi kidogo mno. Miongoni mwao imo Cycladophora davisiana, spishi iliyoelezwa mwaka 1862 na mtaalamu wa Kijerumani Christian Gottfried Ehrenberg, aliyekuwa akichunguza tope lililotolewa kwenye sakafu ya bahari penye lango la Mlango-Bahari wa Davis, baina ya Greenland na Kanada.

Kiunzi chake, ambacho urefu wake ni takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, kikitazamwa kwa hadubini huonekana kama kawa lililosukwa kwa kioo. Juu kabisa pana kichwa kidogo cha mviringo chenye mwiba utosini, kisha shingo iliyobana, na chini yake kifua kinachotanuka ghafla, ambacho vitundu vyake ni vidogo karibu na shingo na huzidi kuwa vikubwa kadiri vinavyoteremka kuelekea ukingoni. Baadhi ya viumbe wa spishi hii huongeza sehemu ya tatu iitwayo tumbo. Majina haya ni ya kurahisisha maelezo tu, kwa kuwa kichwa hicho hakina ubongo wala tumbo hilo halisagi chakula. Chakula hunaswa na nyuzi laini za mwili wa kiumbe, zinazochomoza kupitia vitundu na mdomo ulio wazi upande wa chini.

Ndani ya kichwa mmefichika vijiti vya silika, ambavyo kimoja kifupi hulala katikati na vingine huchipuka kutoka katika ncha zake, kimojawapo kikipanda na kutokeza nje kuwa ule mwiba wa utosini, na vingine vikielekea ubavuni na shingoni. Vijiti hivyo ndivyo vinavyoiweka spishi hii katika oda ya Nassellaria, mbali na Spumellaria, ambao kwa kawaida viunzi vyao ni tufe au visahani vilivyojengwa kuzunguka kitovu kimoja.

Ugumu huanza chini ya ngazi ya oda. Ernst Haeckel, ambaye mwaka 1887 alichapisha maelezo ya spishi zaidi ya 4,000 baada ya kuchunguza sampuli za meli ya Uingereza iitwayo Challenger, aliwagawa Nassellaria wa namna hii kwa kuhesabu sehemu za kiunzi. Ni utaratibu mwepesi kutumia, lakini spishi ambayo mmoja ana sehemu mbili na mwenzake ana tatu inaukwamisha mara moja. Wataalamu wa karne ya 20 waligeukia vile vijiti vya kichwani, wakiamini kwamba kilichofichika ndani hakibadiliki ovyo na kwa hiyo ndicho kinachoonyesha undugu wa kweli. Uchunguzi wa jeni za Nassellaria uliochapishwa mwaka 2019 haukuwaunga mkono ilivyotarajiwa: makundi yaliyojitokeza yalilingana zaidi na umbo zima la kiunzi kuliko na vijiti vya ndani.

Kwa anayehesabu viunzi katika tope la kale hiyo si habari mbaya, kwani umbo la nje ndilo analoliona kwanza. Cycladophora davisiana hupenda maji baridi ya vina vya kati, na leo imejaa hasa katika Bahari ya Okhotsk, lakini wakati wa zama za barafu ilistawi pia katika eneo la kusini kabisa la Bahari ya Hindi. Mwaka 1976 James Hays, John Imbrie na Nicholas Shackleton walipima uwiano wake dhidi ya radiolaria wengine katika nguzo za tope kutoka eneo hilo, zenye kumbukumbu ya zaidi ya miaka 450,000, na wakakuta, pamoja na vipimo vyao vingine, kwamba baridi na joto vilipishana kwa mizunguko ya takriban miaka 100,000, 42,000 na 23,000, inayoafikiana na mabadiliko ya njia ya dunia kulizunguka jua, ya mwinamo wa mhimili wake na ya kuyumba kwa mhimili huo.